Gari la Milango Miwili

Nilianza kwa kuiba kipimo. Naona niseme mapema, maana nikianza na migomba na theluji ya mlimani mtadhani mimi ni kijana mwema aliyepatwa na makubwa. Sikupatwa. Niliyatafuta mwenyewe, nikayaweka kwenye begi la shule kati ya daftari la Jiografia na kandambili, nikayabeba hadi Kiboriloni. Yalikuwa ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na yalikuwa petroli.

Baba yangu alikuwa mpimaji. Miaka yote niliyomfahamu alikaa nyuma ya mizani ya kahawa ya chama cha ushirika kijijini kwetu, juu ya Mkuu, Rombo, akipima magunia ya watu. Walimletea kahawa yenye mawe, wakamletea kahawa iliyomwagiwa maji ili iwe nzito, na mama mmoja alimletea gunia lenye jiwe la kusagia katikati. Baba aliligusa gunia kwa goti tu, akamwambia, "Mama, hilo jiwe utalihitaji jioni." Hakuna aliyewahi kumdanganya. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao za kuning'iniza, chama kikapunguza watu, baba akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake, daftari lake la mahesabu, na ile tabia ya kupima kila kitu. Alipima chumvi ya ng'ombe. Alipima sabuni. Kaka zangu walishaondoka, mmoja yuko Dar, mwingine Arusha, kwa hiyo akabaki ananipima mimi.

Aliyebaki na ajira alikuwa mama. Ni muuguzi katika hospitali moja mjini Moshi, zaidi ya kilometa sitini kutoka mlangoni kwetu, na karibu nusu yake ni vumbi na makorongo. Mtu wa Dar atauliza, si mhamie mjini? Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi, na akishaachiwa ameachiwa yote: kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba, makaburi, na mama yake mzazi. Baba ni wa mwisho. Bibi yupo, mzima kabisa, ana meno yake mengi na masikio anayoyatumia akitaka. Kumwacha peke yake kihambani ni aibu ambayo hata jogoo wetu angeisimulia. Na mimi pia, Mungu alivyo na utani, ni wa mwisho. Bibi hunishika mkono akanionyesha migomba yake mmoja mmoja: "Huu utakula wewe. Huu nao utakula wewe." Nami naitazama ile migomba kama mahabusu anavyohesabu nondo za dirisha.

Basi mama alikuwa akienda na kurudi kwa magari ya watu, na magari ya watu huondoka yakijaa. Akachelewa zamu, akapewa barua. Akachelewa tena, akapewa ya pili. Matroni alimwambia wazi kwamba barua ya tatu itampeleka kwenye zahanati ya mbali, nje ya wilaya, ambako hakuna namna ya kwenda na kurudi kwa siku. Nyumbani kila mtu alielewa maana yake. Bibi alishasema: mke wa kijana wa mwisho halali nje. Barua ya tatu ikija, mama anaacha kazi, anavaa kanga, anakata majani ya ng'ombe mpaka uzee umkute hukohuko zizini.

Ndipo baba akatamka, mezani, mbele ya bakuli la mtori: "Tutanunua gari. Dogo. Lisile mafuta. Mama watoto ataendesha, na huyu"—akanielekezea kijiko—"atakwenda nalo shule mjini, aache kukaa hapa anafundisha watoto wa watu matusi."

Mama aliweka kijiko chini.

Mfanyabiashara mmoja wa Kiboriloni alikuwa na magari mawili ya Kijapani yaliyoshushwa bandarini mwaka ule, wakati kila mwenye shemeji alikuwa anaagiza gari. La kwanza lilikuwa la kijivu, milango minne, nyuma pana kama jeneza la watu wawili. Halikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Ukilitazama unasikia usingizi. La pili lilikuwa jekundu. Milango miwili, dirisha kwenye paa, redio kaseti yenye taa za kijani, viti vinavyokukumbatia, na kwenye kioo stika yenye maandishi ya Kijapani ambayo mimi niliwatafsiria wenzangu kuwa "Shika roho yako". Nililipenda kwa namna ambayo padre asingeipenda.

Mama alilizunguka lile jekundu mara moja, akagusa usukani kwa kidole, akaenda kusimama karibu na la kijivu kama mtu anayejua wajibu wake.

"Maneno ya muuzaji ni maneno," baba akasema. "Gari tutalipima."

Kipimo chake kilikuwa hiki. Fundi anachomoa mpira wa mafuta, anaupitisha dirishani hadi kwenye chupa ya plastiki ya lita moja, na chupa inashikwa na abiria wa mbele. Injini inanyonya kwenye chupa, si kwenye tangi. Unaanzia Kiboriloni, unaelekea Himo kwa mwendo mmoja, na lita inapokwisha gari linakohoa, linazimika, unasoma mita umekwenda umbali gani. Magari yote mawili, barabara ileile, saa ileile, dereva yuleyule. Baba alivaa hata viatu vilevile siku zote mbili, eti uzito wa mguu usibadilike. Mshika chupa, mimi.

Siku ya kwanza la kijivu lilikwenda kwa adabu, likapita Uchira, likakohoa mbele kidogo. Baba akaandika. Siku ya pili nikapanda jekundu na begi langu.

Sasa nisikilizeni, kumimina petroli kutoka chupa moja kwenda nyingine ndani ya gari linalotembea, na baba yako amekaa umbali wa kiwiko, si kazi ya wajinga. Ni kazi ya wapumbavu, ambao ni daraja la juu zaidi. Nilisubiri lori. Lilipokuja lori la magogo, baba akakaza macho barabarani, mimi nikachomoa gunzi kwa meno na kumimina. Nusu iliingia kwenye chupa. Iliyobaki, sehemu kubwa nayo nikaiingiza lori la pili lilipopita. Na kile kilichosalia kikaingia kwenye suruali yangu ya shule, paja la kulia, na kuanzia hapo likawaka moto bila moto. Huwezi kujikuna. Huwezi kupiga kelele. Umekaa mkao wa picha ya kipaimara, mguu unaungua.

"Harufu hiyo vipi?" baba akauliza.

"Ya chupa, baba."

"Ya jana haikunuka hivi."

"Leo kuna joto, baba."

Tulipita Uchira. Tulipita mahali la kijivu lilipofia. Jekundu likaenda na kwenda, likakohoa Himo ikiwa inaonekana. Baba akasoma mita mara mbili, akafuta miwani, akasoma ya tatu. "Wajapani," akasema kwa heshima kubwa. Likanunuliwa jekundu.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Wiki ya pili nikagundua nimejijengea sero.

Gari la milango miwili, wa nyuma anaingia kwanza na kutoka mwisho, tena kwa hisani. Na kwetu humpiti mzee barabarani ukamwachia vumbi. Unasimama, unaamkia, unamkalisha mbele. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla hatujafika Mwika, kiti cha mbele kilishapata mzee, nami nimesukumwa nyuma kama mzigo wa maharage. "Ingia nyuma," mama anasema, anakunja kiti, naingia kwa kichwa. Kisha kinafuata kikapu cha mzee. Kisha mkungu wa mzee. Siku moja kuku wa mzee, ambaye alinitazama njia nzima kana kwamba mimi ndiye nakwenda kuchinjwa. Dirisha la nyuma halifunguki. Lile la kwenye paa, fahari yangu, halikufunga vizuri, basi vumbi lote la barabara ya Rombo lilishuka juu ya kichwa kimoja.

Shuleni kwangu ndiko tunafika kwanza, lakini nishukeje? Wazee wengi walikuwa wanakwenda hospitali, miguu imevimba, mgongo haukunjuki. Mama angesimama getini na kusema kwa upole, "Baba, samahani, mtoto ashuke," na mzee angejibu, "Nikishuka hapa, mama, sipandi tena." Napelekwa hospitali kama mgonjwa, halafu narudi shule kwa miguu, mbio, na mwalimu wa zamu ananingoja na fimbo. "Umechelewa tena, na nyumbani mna gari!" Wenzangu wakaniita Bukta, yaani kitu kinachovaliwa ndani na hakionekani. Jina lile bado ninalo.

Lakini toka pale nyuma niliona kitu ambacho nisingekiona kwingine: kisogo cha mama. Nyumbani mama ni mtu wa sauti ya chini. Anampa bibi maji ya kunawa, anampa baba chai, anaulizwa, anajibu. Kwenye jekundu alivua kitambaa cha kichwa, akakiweka juu ya dashibodi, akatia kaseti ya kwaya, na kona zile za kushuka alizikata kama mwizi wa ng'ombe. Mzee wa mbele anashika mlango na kutaja watakatifu. Mama anacheka. Sikuwahi kujua mama ana kicheko kile. Shingo yake ilinyooka ikawa ya msichana. Saa moja na nusu kwenda, saa mbili kurudi kwa kupanda, hakuwa mke wa kijana wa mwisho wala nini. Tukikaribia nyumbani anapunguza sauti ya kaseti, anafunga kitambaa, shingo inarudi chini.

Sasa matatizo.

Baba alikuwa na dumu la petroli stoo. Alikuwa ameandika kwenye daftari lita moja inakwenda kilometa ngapi, kwa kipimo chake mwenyewe, akagawanya safari, akaongeza kikombe kimoja "cha mlima", na kila jioni alitia ndani ya tangi hesabu hiyohiyo, si tone zaidi. Mshale wa mafuta wa jekundu haukusaidia. Ulishafia kwenye "limejaa" huko huko Japani. Na kipimo chake, mnaelewa, kilikuwa na chupa yangu ya soda ndani yake.

Mafuta hayakutosha. Hayakuweza kutosha. Wiki ya pili mama aliomba aongezewe.

"Mita inasema umekwenda Moshi na kurudi," baba akasema, ameinamia daftari. "Njia ni ileile. Basi kosa ni la mguu. Unakanyaga mno."

"Sikanyagi mno, baba watoto."

"Lita haidanganyi."

Bibi, ambaye kwa kawaida hasikii, akasikia. "Wazee wote barabarani wanasema anapaa. Mwanamke anakimbilia nini?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nakula kiburu, ndizi na maharage, na ghafla maharage yakawa mengi kuliko mdomo. Ningesema pale pale ingekuwa fimbo tano na hadithi ya kuchekesha. Sikusema. Na kutosema kuna tabia ya gari letu: ukishaingia, mtu wa mbele lazima ashuke kwanza ndipo na wewe utoke.

Mama hakuomba tena. Alianza kuzima injini kwenye mteremko. Kutoka Mwika hadi Marangu, na kutoka Marangu hadi Himo, tulishuka kimyakimya kama roho za watu, upepo unapiga filimbi kwenye dirisha la paa, breki zinanuka. Na Himo alikuwa anasimama kwa vijana wa madumu ya petroli, anatoa noti iliyokunjwa ndani ya soksi, ananunua lita moja, mbili. Mara ya kwanza alinitazama kwenye kioo.

"Hujaona kitu."

"Sijaona, mama."

Niliona. Niliona pia viatu vyake vyeupe vya kazini, kimoja kimepasuka pembeni, kimeshonwa kwa uzi mweusi uliopakwa chaki. Alikuwa akiweka akiba ya vipya. Akiba ile ilikuwa inaungua kwenye injini ya jekundu, lita kwa lita, kwa ajili ya uongo wangu. Nami nimekaa nyuma yake, magoti masikioni, nikizihesabu nywele za kisogo chake.

Nikaenda kuungama. Msicheke. Nilidhani padre ni njia ya mkato: nitamwambia Mungu, Mungu atamalizana na baba. Nilisema yote, gunzi, lori, suruali. Upande wa pili nikasikia pua ikizuia kicheko.

"Mwambie mama yako," padre akasema.

"Hakuna Salamu Maria, padre?"

"Salamu Maria kumi, na umwambie mama yako." Kisha, baada ya kunibariki: "Kesho mnapita saa ngapi? Nina safari ya mjini."

Kesho yake padre alikaa mbele. Njia nzima. Tukiwa tunateleza injini imezimwa, mama akamweleza kwa aibu kuwa anabana mafuta, na padre akajibu taratibu, bila kugeuka, "Ni vizuri kubana mafuta. Ni vizuri zaidi kutobana mengine." Mama akadhani ni mahubiri. Mimi nilitamani lile dirisha la paa lingekuwa na upana wa kunitosha.

Sikumwambia mama. Nilikuwa namwambia kesho.

Ikaja siku ambayo soksi ya mama haikuwa na noti. Ilikuwa katikati ya mwezi. Tuliteleza hadi Himo, akawapita vijana wa madumu bila kuwatazama, akawasha injini, akaanza tambarare akilikanyaga kama mtu anayekanyaga yai. Mbele ya Uchira jekundu likakohoa. Kikohozi kile nilikifahamu. Mzee wa mbele akasema, "Pole, mama, lina mafua." Mama aliweka paji la uso kwenye usukani. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali, ningejua pa kutazama. Alifika hospitali juu ya pikapu ya nyanya, saa nzima baada ya zamu kuanza, na matroni akamwambia alete maelezo kwa maandishi Jumatatu, kisha barua itaamuliwa.

Jioni ile baba alifunga daftari. "Nitapima upya. Jumamosi, barabara ileile, mguu wangu. Likifika pale lilipofika mwanzo, basi kosa si la gari. Ni la dereva. Gari nitaliuza, na wewe mama watoto utapumzika nyumbani. Yatosha."

"Afadhali," bibi akasema, na kwa haki yake, alisema kwa huruma. Alidhani kupumzika ni zawadi.

Mama alimtazama baba, akatazama ukuta wa nyumba ile kama anaupima upana.

Ijumaa nilikaa na chupa ya soda mkononi nyuma ya zizi. Nikiijaza, gari litafika, mama anaacha kazi. Nisipoijaza, gari litakohoa mapema, na labda baba atasema tu, lo, nilikosea, na mimi nitapona bila kufungua mdomo. Huo ndio ulikuwa ujasiri wangu wote. Niliitupa chupa chooni.

Jumamosi, viatu vilevile. Mimi mbele na chupa ya lita mapajani. Mama alisema naye anakuja kushuhudia. Akakunja kiti, akaingia nyuma kwa kichwa, kwenye tundu langu. Sikuwahi kumwona amekaa kule. Magoti yake yaligusa mgongo wangu kupitia kiti, na kila gari liliporuka aliyasogeza kidogo, asinisumbue.

Petroli ilishuka ndani ya chupa kama saa ya mchanga. Yalikuja malori, yakapita, na mikono yangu ilikaa mahali pake. Uchira hatujafika, jekundu likakohoa, likafa.

Baba alisoma mita. Alichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaitikisa. Nikasema moyoni, sasa, baba, sema umekosea. Sema, twende nyumbani.

Badala yake akageuka nyuma. "Umeiua injini," akamwambia mama. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Miezi minne. Gari lilikuwa zima, nililipima kwa mkono wangu. Umelikimbiza mpaka umeliua."

"Sijaliua," mama akasema. Sauti ndogo, ile ya nyumbani.

"Lita haidanganyi, mama watoto."

"Lita ilidanganywa," nikasema.

Sijui ilitokaje. Nadhani ni yale magoti mgongoni. Nikaendelea kabla mdomo haujafunga: "Siku ile niliongeza. Nilikuwa na chupa kwenye begi. Malori yalipopita nikamimina. Gari ni zima, baba. Halijawahi kufika Himo kwa lita moja. Mama hajakanyaga kitu."

Nilijikunja nikingoja kofi. Halikuja. Baba aliuliza swali moja, la mpimaji:

"Chupa ya ukubwa gani?"

"Ya soda. Ilimwagika kidogo."

Akatoa daftari mfukoni. Palepale, pembeni mwa barabara, akalaza karatasi kwenye usukani, akakokotoa upya. Alipomaliza alichora mstari juu ya hesabu ile ya zamani, taratibu, kama mtu anavyolikata jina la aliyefariki. Hapo nikatamani kofi. Watu walimletea mawe kwenye kahawa miaka yote ile, na aliyekuja kumweza ni mimi, kwa gunzi.

"Na safari zilizotosha," akamwuliza mama bila kugeuka, "zilitoshaje?"

"Nilikuwa nanunua Himo."

"Kwa pesa gani?"

"Ya viatu."

Baba akafungua mlango, akachukua dumu tupu, maana na tangini hapakuwa na tone. Alisimama nje muda kidogo, ameushika mlango. "Jumatatu nitakuja na wewe kwa matroni," akasema. "Nitamwambia kipimo kilikuwa changu." Akaanza kutembea kuelekea Uchira juani, na vile viatu vyake vya mizani.

Nitasema kabisa, nisiwaache roho juu: alikwenda kweli, amevaa koti la Krismasi, na daftari mkononi, akamwonyesha matroni hesabu mbili, ya uongo na ya kweli. Barua ya tatu haikuandikwa. Petroli sasa inatiwa kwa hesabu ya kweli, na ili itoshe, baba ameacha sigara na mimi nimeachishwa chai ya maziwa ya saa nne. Fimbo nilipata baadaye, Jumapili, kwa idadi ambayo baba aliihesabu kwa sauti.

Lakini siku ile, baba alipokwisha kupotea kwenye kona, tulibaki wawili ndani ya jekundu, jua linapiga paa. Mimi mbele. Mama nyuma, hawezi kutoka mpaka mimi nishuke, na mimi sikushuka. Nilingoja. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa akilitazama lile dirisha la paa, muda mrefu, kitambaa kimemwangukia shingoni. Kisha mama akasema:

"Suruali yako ya siku ile niliifua mimi. Ilinuka kuliko kituo cha mafuta. Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nililitaka hili jekundu. Haya, shuka nipite nikae kwenye usukani wangu. Wewe ingia nyuma."